Baiti 128 za Papa T.: uchambuzi wa kisa cha kinanda kilichoigwa Lubumbashi

Majina, komini, parokia na miezi nimeviondoa au nimevibadilisha. Wahusika walikubali kisa hiki kiandikwe. Kijana ninayemwita R. alitoa sharti moja tu: nisimfanye mwizi. Papa T. hakutoa sharti lolote, ila aliomba asomewe kwanza, na akanisahihisha mahali pawili.

## Kinanda na mwenye kukishika

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kwaya ya parokia moja hapa Lubumbashi ilinunua Yamaha DX7 ya mtumba kutoka kwa mfanyabiashara aliyekuwa akileta vitu kutoka Ubelgiji. Fedha zilitokana na michango, shilingi kwa shilingi kama wasemavyo wenzetu wa Mashariki, ingawa kwetu zilikuwa zaire. Desturi ya Misa ya Zaire ilikuwa imeidhinishwa na Roma mwaka 1988, ngoma zikawa ndani ya kanisa bila kuomba radhi, na kwaya ilitaka chombo kitakachosimama kati ya ngoma hizo na harmonium iliyokuwa ikikohoa tangu wakati wa mapadri Wabelgiji.

DX7 ilitoka mwaka 1983. Marekani iliuzwa dola 1,995. Ina vibao 61, inaweza kutoa noti 16 kwa mara moja, na kumbukumbu yake inashika sauti 32. Hakuna filta ndani yake, wala hakuna sauti iliyorekodiwa. Kila kinachosikika kinakokotolewa pale pale: opereta sita, kila moja ikitoa wimbi jepesi, na moja ikilitikisa wimbi la nyingine. Kuna mipangilio 32 ya nani amtikise nani. Njia hiyo aliigundua John Chowning, mtunzi wa muziki wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1967. Stanford ikaikodisha kwa Yamaha, hataza, yaani haki ya mgunduzi, ikatolewa 1977, na chuo kikavuna kwayo zaidi ya dola milioni 20 kabla hataza haijaisha katikati ya miaka ya 1990. Msomaji ayashike hayo, tutayarudia.

Papa T. alikuwa fundi umeme wa migodini na mpiga kinanda wa kwaya. Sauti za kiwandani hazikumtosha. Piano ya umeme iliyojulikana dunia nzima aliiona nzuri "kwa harusi", lakini kwa ofertorio alitaka madimba, marimba ya kwetu. Alichukua kitabu cha maelekezo cha Kifaransa na daftari la shule, akaanza kutafuta. Kinanda hicho kina kiteleza kimoja cha kubadilisha thamani, vitufe bapa, na dirisha la mistari miwili ya herufi 16 lisilo na taa. Sauti moja ina namba zaidi ya mia. Aliyewahi kujaribu anajua kwamba kazi hiyo inafanana na kupaka nyumba rangi kupitia tundu la ufunguo.

Baada ya miaka kama mitatu alikuwa na sauti 19: MADIMBA 1, MADIMBA 2, LIKEMBE (ala ya ndimi za chuma), KYONDO (ngoma ya gogo) na nyinginezo. Jina la sauti haliruhusiwi kupita herufi kumi. Kwenye daftari lake, ambalo nimelishika, ukurasa wa LIKEMBE una masahihisho ya rangi tatu za kalamu. Opereta moja inatoa noti yenyewe. Ya pili inaitikisa kwa uwiano usio kamili, halafu inakufa haraka, na hicho ndicho kidole kinachoachia ulimi wa chuma. Kisha akaitumia opereta yenye mrejesho, yaani inayorudishiwa sauti yake yenyewe, na kila mpangilio una mrejesho mmoja tu, kutoa ule mnguruno wa vipete vya waya vinavyozungushwa kwenye ndimi za likembe. Wengi huunyamazisha mnguruno huo wanapoiga ala zetu, wakidhani ni kasoro. Yeye aliuanza huo.

## Kilichotokea

Miaka zaidi ya thelathini ikapita. Vumbi jekundu la kiangazi liliingia chini ya vibao, umeme ukawa unapanda na kushuka, na Papa T. akastaafu. Siku moja R., kijana wa miaka 24 anayetengeneza midundo nyumbani na kupiga kinanda kwaya hiyo hiyo, aliona dirisha linayumba. Kinanda kina njia ya kujipima betri, na ilionyesha volti 2.2. Betri hiyo ndogo, iliyolehemewa kwenye bodi, ndiyo inayoshika kumbukumbu. Ikiisha, sauti zote zinakwenda nayo.

R. alinipigia simu. Ninafundisha kurekodi sauti kwenye studio ndogo, naye alikuwa amepita kwenye darasa langu. Nilimwambia aitoe benki yote, yaani sauti zote 32, kwa MIDI, lugha ambayo vinanda na kompyuta huzungumzia: aondoe kizuizi cha kutuma kwenye kinanda, aweke kompyuta ipokee, abonyeze. Benki ya sauti 32, baiti 128 kwa kila sauti na chache za kufungua na kufunga, ni faili ya baiti 4,104, haipungui wala haizidi. Faili yake ya kwanza ilikuwa na pungufu ya baiti mia kadhaa, kwa sababu kebo za bei ya chini mara nyingi hushindwa kumeza ujumbe mrefu na hazisemi. Tuliazima kifaa bora mjini, tukapata 4,104, tukarudia mara ya pili na kulinganisha. Zilifanana. Siku hiyo tulikunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kama watu waliotoa mtoto kisimani.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuziweka sauti hizo kwenye kompyuta. R. alichagua Dexed, programu huria inayoiga DX7. Haina ndani yake hata mstari mmoja wa programu ya Yamaha. Moyo wake wa kukokotoa uliandikwa na Raph Levien kwa ajili ya simu za Android, na Pascal Gauthier akaujengea programu nzima, chini ya leseni ya GPL toleo la 3. Inasoma faili zile zile za kinanda. R. aliipakia benki, akagonga MADIMBA 1, akamwita Papa T. asikilize.

Mzee alisikiliza noti nne. "Hii madimba iko na kasirani," akasema, akaondoka.

R. aliumia. Mimi nilidhani ni ukaidi wa wazee. Wote wawili tulikosea, na sababu ilituchukua wiki kuipata: vibao vya DX7, hata uvigonge kwa ngumi, havitumi nguvu ya kugonga ya juu kabisa. Kipimo cha MIDI kinafika 127, kinanda hiki kinaishia karibu na 100. Papa T. alipanga kila sauti kwa mikono yake juu ya vibao vile. Kinanda kipya cha R. kilituma 127, opereta za kutikisa zikatikisa kupita alivyokusudia, mti ukageuka bati. Tulipunguza kipimo kiishie 100, tukachagua hali ya Dexed inayojaribu kufuata ukokotoaji mbaya mbaya wa kizazi cha kwanza badala ya ule safi wa kisasa, na kukubali kwamba kigeuzi cha biti 12 cha kinanda cha zamani, kinachogeuza namba kuwa sauti, kina mvumo wake.

Kisha tukampima mzee, uso ukutani, sauti tano, kila moja mara mbili, ya kinanda na ya kompyuta, aseme ipi ni ipi. Mara ya kwanza alitambua nne, na akatuambia wazi jinsi alivyofanya: "Ile ya zamani inapumua." Tulipolinganisha vizuri na kupitisha zote kwenye spika ile ile ya kanisa, alipata mbili. Akageuka akacheka, akamwambia R.: "Sasa umeweza, mwanangu." Laiti kisa kingeishia hapo.

R. alitengeneza folda, ndani yake akatia kisakinishi cha Dexed, benki nzima ya kwaya, sauti za kiwandani, na kwa sababu folda ilionekana nyembamba, sampuli za piano alizozirekodi kutoka kwenye Korg M1, kinanda cha parokia nyingine. Juu yake picha ya kinanda chetu, nembo ya kampuni ikisomeka, na jina la folda likianza na jina la kampuni hiyo. Aliiuza dola 5 kwa pesa ya simu. Watu 23 walinunua, wengi wao wapiga vinanda wa kwaya na vijana wa midundo.

Papa T. alijua hayo Jumapili ya sikukuu, parokia ya jirani, wimbo wa kuingia ulipoanza na MADIMBA 1. Alisimama katikati ya misa. Alinieleza baadaye kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba kinanda kimeibwa.

## Madai matatu

Padri alituita tukae. Ninaandika haya nikikumbuka kwamba sikuwa mtu wa nje: mimi ndiye niliyemfundisha R. kutoa benki, na alipouliza kama inaruhusiwa kuiga kinanda, nilimjibu kwa fahari kwamba hataza imekwisha, programu ni huria, hakuna tatizo. Jibu lilikuwa sahihi kwa swali lake, na halikugusa mtu yeyote wa hapa kwetu.

R. alisema: bila mimi sauti zingekufa na betri. Mashine ni ya watu wote sasa. Na sauti yenyewe ni nini? "Papa, ni namba tu."

"Hata nambari ya simu yako ni namba tu," akajibu Papa T. "Upatie basi batu bote." Halafu kwa utulivu: "Mashine ni ya Bajapani, ile najua. Lakini hii madimba, ni miye njo niliitafuta."

Mama anayeongoza kwaya akaleta dai ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia. Kinanda kilinunuliwa kwa michango. Papa T. alitafuta sauti hizo kwenye kinanda cha kwaya, umeme wa parokia, saa za mazoezi. Kama fundi anashona sare kwa cherehani ya kwaya na kitambaa cha kwaya, sare ni ya nani? Papa T. alimjibu kwamba kichwa hakikuwa cha kwaya. Walitazamana muda mrefu.

## Tulichoamua, na kwa nini

Nilichukua karatasi nikapendekeza tusiihukumu folda kama kitu kimoja. Tuliigawa mafungu.

Fungu la injini lilikuwa jepesi kuliko tulivyoogopa. Hataza ya Chowning na Stanford imelala karibu miaka thelathini. Kuandika upya tabia ya mashine bila kuchukua programu iliyomo ndani yake si sawa na kuinakili. Lakini GPL, ambayo inaruhusu hata kuuza, inadai kwamba unayempa programu apewe pia leseni na njia ya kupata msimbo. R. alikuwa amelifuta faili la leseni "folda iwe nyepesi". Basi jambo la kwanza alilovunja lilikuwa sharti la watu waliompa kitu bure. Tuliondoa kisakinishi, wanunuzi waelekezwe wakakichukue wenyewe kwa waliokitengeneza, bila malipo. Jina la kampuni likatoka kwenye jina la folda, picha ikabadilishwa.

Sampuli za M1 zilibishaniwa kwa saa nzima. M1 ya mwaka 1988 haikokotoi kama DX7: ndani ya chipu zake mna rekodi, na rekodi ina mwenyewe. Hoja ya kawaida ya waigaji, kwamba kitu hakiuzwi tena na mwenyewe amekitupa, haisimami hapa, maana Korg yenyewe inauza M1 ya programu tangu katikati ya miaka ya 2000. R. aliuliza atailipiaje bila kadi ya benki, kwa bei inayolingana na mapato yake ya mwezi. Swali hilo ni la kweli na sikuwa na jibu zuri. Nilichoweza kumwonyesha ni tofauti hii: kupiga M1 ya parokia ndani ya wimbo wake na kuurekodi ni haki yake kabisa, mashine iliuzwa kwa kazi hiyo. Kuzitoa noti moja moja na kuziuza kama vyombo, hapana. Sampuli zikatoka.

Akauliza pia kuhusu programu za siku hizi zinazoiga chipu ya Motorola 56300 iliyomo ndani ya Access Virus na vinanda vingine vya miaka ya 1990. Hizo zinakwenda njia nyingine: haziandiki upya tabia, zinaigiza chipu na kuendesha programu asilia ya kiwanda, ndiyo maana zinalingana na mashine karibu kabisa. Waliozitengeneza hutoa mwigizo bila programu ya kiwanda, mtu ailete mwenyewe. R. aliona ni mlango wa mbele uliofungwa na wa nyuma ulioachwa wazi, na sikuweza kumkatalia moja kwa moja. Lakini angalau wao wanajua mpaka uko wapi na wanausimamia upande wao. Sisi hatukuwa tumeuchora.

Sauti za kiwandani tuliziondoa kwa sababu rahisi kwamba hazikuwa zetu kuziuza. Ila ndizo zilizonifungua macho. Sauti nyingi za kwanza za DX7, zile zilizojaa kwenye nyimbo za taratibu za miaka ya 1980, zilipangwa na watu wawili wanaojulikana, Dave Bristow na Gary Leuenberger. Ukiwasha kinanda huyaoni majina yao popote. Unaona E.PIANO 1. Nilipomweleza Papa T. hilo, alinyamaza kidogo, akauliza: "Walilipwa?" Nikasema ilikuwa kazi yao. "Njo tofauti," akasema.

Likabaki fungu la sauti zake, tulizohesabu 20. Tunayo ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za watunzi. Sheria hiyo iliandikwa watu wakifikiria vitabu, nyimbo na sanamu, na hoja kwamba baiti 128 ni kazi ya sanaa ingehitaji wakili, muda na uadui. Kumi kati ya baiti hizo ni jina tu. Hatukutaka kwenda huko. Tuliandika makubaliano ya ukurasa mmoja: kila dola kumi, tano kwa Papa T., tatu kwa R. kwa uokoaji na kazi ya kulinganisha, mbili kwa kwaya kwa ajili ya kinanda. Mama wa kwaya alitaka tatu. Padri alimtazama.

Kuhusu jina, R. alipendekeza lile la Papa T. liwekwe ndani ya sauti, kwenye zile herufi kumi, lisiweze kutenganishwa nayo. Nilidhani mzee atafurahi. Alikataa. "Madimba si miye," akasema. Majina ya sauti yakabaki kama alivyoyaandika, jina lake likaingia kwenye maelezo ya folda, pamoja na sharti alilolitunga mwenyewe: parokia itumie bila kulipa, wimbo unaouzwa umtaje.

Wanunuzi 23 walitumiwa ujumbe, folda mpya, na ombi la kufuta ile ya zamani. Niliuandika ujumbe huo mimi mwenyewe na nilicheka nikiuandika.

## Matokeo baada ya mwaka

Folda mpya iliuzwa mara 18. Ni dola 90, na Papa T. akapata 45. Ile ya zamani inaendelea kupita simu hadi simu, na nimeisikia madimba yake kwenye matangazo ya duka la simiti. Wimbo mmoja tu, wa kijana wa Katuba, umemtaja. Aliusikiliza mara nyingi kuliko alivyohesabu zile dola.

Betri ya DX7 ilibadilishwa na kuwekewa kishikio, ili fundi ajaye asihitaji kulehemu. Mnamo mwezi wa tatu kompyuta ilijaribiwa kanisani badala ya kinanda na ikaganda katikati ya Gloria. Hata kabla ya hapo wapigaji walikuwa wakilalamika. Kompyuta ya R. ni dhaifu: ukiipa sampuli 128 za kusubiri (hapa ni vipande vidogo vya sauti inavyokusanya kabla ya kuitoa) inakwaruza, ukiipa 512 unachelewa milisekunde karibu 12, na mpiga ngoma aliye mita mbili kutoka kwako anazihisi. Uamuzi ukawa kinanda kibaki kanisani, mwigo uende mazoezini na studioni. Sikutegemea kwamba baada ya yote hayo mashine ya 1983 ingemshinda mwigo wake kwa sababu ya kutegemeka.

Papa T. sasa hukaa na R. na wasichana wawili wa kwaya Alhamisi jioni. Kwenye Dexed namba zote za sauti zinaonekana kwa pamoja kwenye kioo. Siku ya kwanza alipoziona hivyo alikaa kimya, kisha akasema angalikuwa nacho kile kioo mwaka 1989 angalimaliza kwa miezi mitatu. Akatafakari tena, akasema pengine asingalifika kwenye LIKEMBE, kwa sababu mnguruno ule aliupata alipopotea njia.

## Kilichofaa na kilichokwama

Kilichofaa kwanza kilikuwa haraka. Tulitoa benki kabla ya kujadili lolote. Nimeona sehemu nyingine watu wakibishana juu ya haki za kitu mpaka kitu chenyewe kikafa. Cha pili kilikuwa masikio ya mwenye sauti. Bila "kasirani" ya Papa T. tungesambaza madimba ya bati na kuyaita uhifadhi. Vipimo vya kompyuta vilituambia kwamba faili ni kamili, baiti kwa baiti, na vilisema kweli, lakini sauti ilikuwa nusu kwenye faili na nusu kwenye vibao.

Kugawa mafungu kulipunguza joto la mkutano. Watu waliokuwa wakipigania "folda" walijikuta wanakubaliana juu ya sehemu tatu kati ya nne, na ubishi ukabaki mahali pake.

Kilichokwama kilianzia kwangu. Nilifundisha maadili ya kuiga kana kwamba kesi ina pande mbili tu, kiwanda cha mbali na kijana mwenye kompyuta. Ndivyo inavyojadiliwa kila mahali: je, Yamaha anaumia, je, Roland anaumia, je, mwigo ni heshima au unyang'anyi. Maswali ya haki. Lakini kiwanda kilikuwa kimeshalipwa, Stanford ilishalipwa, na mgunduzi anajulikana kwa jina na kwa mwaka. Kwenye chumba kile mtu ambaye hakuwa amelipwa wala kutajwa alikuwa amekaa mita moja kutoka kwangu na chupa ya munkoyo. Sikumwona kwa sababu kazi yake ilikuwa ndani ya mashine ya mtu mwingine, na tumezoea kudhani kilichomo ndani ya mashine ni cha mashine.

Dai la kwaya sijalitatua. Dola mbili kwa kumi zilinunua amani, hazikujibu swali la Mama. Bado naona alikuwa na hoja kuliko tulivyompa nafasi.

Tulipoteza pia. Papa T. alikuwa na kadi ya kumbukumbu yenye sauti nyingine 32, za majaribio. Nayo ina betri yake. Hatukuuliza juu yake mpaka mwezi mzima baadaye, na ilipoingizwa ilisoma takataka. Kama ilikufa mwezi ule au miaka kumi nyuma, hakuna awezaye kusema. Daftari lina namba za sauti sita kati ya hizo, na wasichana wa Alhamisi wanaziandika upya moja baada ya nyingine.

Halafu sauti namba 27. Nilisema tulihesabu 20, na mwanzoni nikaandika kwamba Papa T. alitengeneza 19. Hapa ndipo aliponisahihisha. Nilipomsomea rasimu alinisimamisha, akasema ile KENGELE si yake. Aliitengeneza M., mpiga kinanda mwenzake, aliyefariki zamani. Kwenye mkutano hakusema, kwa sababu wote tulikuwa tunamtetea yeye, na aliona haya.

Tulimtafuta binti yake M. Alikuja Alhamisi moja na mtoto mgongoni. R. alimweleza habari ya folda, sehemu ya baba yake, na kwamba akitaka sauti itolewe itatolewa siku ile ile. Hakujibu hayo. Aliomba asikie. R. alinyosha mkono kwenye kompyuta, Papa T. akamzuia, akaenda kuwasha kinanda chenyewe. Ilipigwa noti moja, ndefu, na mvumo wake chini yake. Binti akauliza kama inaweza kuwekwa kwenye simu.

R. aliiweka. Suala la folda tumelipanga Alhamisi ijayo.